Sarafu yenye kasoro: imetoka hivyo kiwandani au imeumizwa mtaani?

Sarafu nyingi ninazoletewa hapa Arusha kwa jina la "kosa la kiwandani" ziliumia zikiwa tayari mikononi mwa watu. Moja imekanyagwa na magari, nyingine imepitiwa na moto wa taka. Haziongezi thamani hata kidogo. Ila kosa halisi lipo, na kulitambua ni raha, kwa sababu lazima lielezeke kwa namna mashine inavyofanya kazi.

Sarafu huanza ikiwa kisahani kitupu kilichokatwa kwenye bamba la chuma. Kisahani hukaa kati ya mihuri miwili, ndani ya pete inayokizuia kisitanuke. Muhuri ukigonga, chuma hujaa kwenye mashimo yake. Ndiyo maana kichwa cha Mwalimu Nyerere kwenye shilingi ya 1966 kimeinuka. Sasa muhuri ukipata ufa, chuma hujaa humo pia, na sarafu hutoka na mstari ulioinuka. Mstari uliozama karibu kila mara ni mkwaruzo tu. Tumia lenzi ya mara 10, ileile wanayotembea nayo madalali wa tanzanite, na mwanga utoke ubavuni.

Zinazobishaniwa sana ni zile zilizomegwa pembeni kama biskuti. Zipo za kweli: bamba lisiposogea vya kutosha, kisu hukata tena juu ya tundu la kisahani kilichotangulia. Usiishie kutazama pale palipomegwa, tazama ng'ambo yake. Kisahani huviringishwa kwa kubanwa pande mbili ili ukingo uinuke kabla ya kugongwa; upande mmoja ukikosa chuma, upande unaoukabili nao haubanwi, kwa hiyo ukingo wake hutoka hafifu au hupotea. Herufi zilizo karibu na pengo nazo huwa zimefifia na kuvutika kuelekea pengoni. Kwenye sarafu iliyokatwa kwa tupa, herufi hukatika ghafla, na ukingo wa ng'ambo ni mzima kabisa.

Ninazozipenda zaidi ni senti 10 za Afrika Mashariki za wakati wa Mwingereza, zile za tundu katikati na pembe za ndovu kulizunguka. Tundu lilitobolewa kwenye kisahani kabla ya kugongwa, kwa hiyo likikosea mahali, duara lililoinuka ambalo ni sehemu ya mchoro hubaki mahali pake, na tundu ndilo linaloonekana limehama. Midomo ya tundu huwa laini, imelainishwa na pigo la muhuri. Tundu la pili karibu na ukingo ni habari nyingine: sarafu ilitobolewa ivaliwe shingoni. Utakuta chuma kimechomoza upande msumari ulikotokea. Ni kumbukumbu nzuri ya matumizi, na mimi huzihifadhi, lakini siwezi kuiita kosa.

Shilingi 100 yenye swala, ikiwa ya kijivu badala ya njano, hunisumbua zaidi. Ile ni chuma kilichopakwa shaba ya njano, kwa hiyo sumaku haikusaidii: itanasa yenye rangi na isiyo na rangi. Tazama herufi. Iliyolowekwa kwenye maji ya betri ina uso wenye vijishimo na herufi zilizolika.

Heller 20 za Tabora za 1916, sarafu za wakati wa Mjerumani, zisikuchanganye. Zilitengenezwa wakati wa vita, kwa vifaa duni, kwa hiyo mchoro hafifu ni jambo la kawaida kwake. Anayekuongezea bei kwa sababu hiyo anakuonea.

Ukitaka nikuangalizie, piga picha ya pande zote mbili na ya ukingo, na upime uzito kwenye mizani ya sonara. Tafadhali usiisugue kwa ndimu wala mchanga kabla sijaiona.