Matatizo ya ulaji: maana yake, na namna ya kukaa na aliye nayo

Neno anoreksia, jina la ugonjwa wa kujinyima chakula, limetoka katika Kigiriki, na maana yake ni kukosa hamu ya kula. Jina hili limewapotosha wengi. Mwenye anoreksia ana njaa, tena kali, na kutwa nzima anawaza chakula: jana alikula nini, mlo wa jioni ataukwepaje, wali ule umetiwa mafuta kiasi gani. Kinachomfunga mdomo ni hofu ya kunenepa, na hofu hiyo humzidi nguvu hata mifupa inapohesabika. Jina lenyewe, anoreksia nevosa, lilitolewa na daktari William Gull wa London katika miaka ya 1870, wakati Charles Lasègue wa Paris naye akiueleza ugonjwa huohuo. Kwa hiyo ulikuwapo kabla ya televisheni na simu.

Anoreksia ni mojawapo tu ya maradhi ya akili yanayoitwa kwa pamoja matatizo ya ulaji. Mwenye bulimia hula chakula kingi kwa muda mfupi huku akihisi hawezi kujizuia, kisha hujitapisha, hunywa dawa za kuharisha, hujinyima kabisa au hujichosha kwa mazoezi. Uzito wake unaweza kuwa wa kawaida, ndiyo maana anaweza kuishi miaka na watu nyumba moja wasijue. Daktari Gerald Russell, naye wa London, ndiye aliyeupa ugonjwa huu jina mwaka 1979. Wapo pia wanaokula kupita kiasi bila kujitapisha, mara nyingi peke yao na kwa siri, kisha wakabaki na aibu nzito. Hawa ndio tunaowaonea zaidi, maana tunawaita walafi, na wakienda kutafuta msaada huambiwa tu wapunguze kula.

Kwa nini mtu asile tu? Jibu zuri ninalolijua lilitoka Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mwaka 1945. Mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula karibu nusu, kwa miezi sita, vijana wa kiume 36 waliojitolea, wenye afya ya mwili na akili. Vijana hao wakawa hawazungumzi ila chakula. Walisoma vitabu vya mapishi, walikaa na sahani moja muda mrefu wakiuchezea mlo, wakawa na huzuni na hasira, wakajitenga na wenzao. Waliporudishiwa chakula, baadhi yao walikula na kula bila kuhisi wameshiba. Hakuna hata mmoja aliyeanza na ugonjwa. Njaa yenyewe ndiyo iliyowabadilisha akili. Anayejinyima kwa miezi hufika mahali ambapo ubongo wake hauwezi tena kuamua vizuri, na hapo kumwambia “acha ukaidi, kula” ni sawa na kumwambia mwenye homa aache kutetemeka.

Kwetu wengi husema haya ni maradhi ya Wazungu, kwa sababu sisi tunaupenda mwili ulionona, na “umenenepa!” ni salamu ya pongezi. Watu wa Fiji, visiwa vya bahari ya Pasifiki, nao walikuwa hivyohivyo. Televisheni ilipofika mkoa wa Nadroga mwaka 1995, mtafiti Anne Becker hakupata hata msichana mmoja wa shule, kati ya aliowahoji, aliyesema anajitapisha ili apungue. Mwaka 1998 aliuliza tena, na wasichana 11 hivi katika kila 100 wakasema ndiyo. Sioni sababu ya kuamini kwamba watoto wa Mombasa au Mwanza wana kinga. Wavulana pia huugua, ila wao hufichwa zaidi.

Msichana akikonda, sisi huwaza vidonda vya tumbo, mimba, Ukimwi, au jini. Kumpima ni sahihi, maana maradhi mengine yanakondesha kweli. Lakini vipimo vikitoka safi, tazama kama hedhi imekatika, kama anavaa nguo nzito wakati wa joto, kama kila mlo unamkuta “ameshakula” au amefunga, hata baada ya Ramadhani kwisha, na kama anakimbilia chooni mara tu baada ya kula. Kujitapisha hula meno na kupunguza mwilini potasiamu, chumvi ambayo moyo unaihitaji, na moyo unaweza kusimama ghafla. Mwimbaji Karen Carpenter alikufa kwa moyo mwaka 1983 akiwa na miaka 32, baada ya kuugua anoreksia kwa miaka.

Aliyekaa na njaa muda mrefu usimpikie karamu. Chakula kingi cha ghafla huvuruga chumvi za damu na kinaweza kuua, kwa hiyo aanze kulishwa chini ya uangalizi wa daktari. Akizimia, au moyo ukienda mbio au polepole mno, ni hospitali siku hiyohiyo. Hospitali ya rufaa ya mkoa, yenye kitengo cha afya ya akili, ni mahali pazuri pa kuanzia, na mweleze daktari mambo ya kula waziwazi, kwa sababu mgonjwa mwenyewe huenda asiyaseme.

Nyumbani, kaeni mezani pamoja naye, na ugomvi wa chakula usiletwe mezani. Kwa vijana, matibabu yaliyoanzia hospitali ya Maudsley, London, huwapa wazazi jukumu la kusimamia kila mlo mpaka mtoto apate nguvu ya kujisimamia. Unapoanza mazungumzo, acha habari ya mwili. Mwambie, “Mwanangu, naona siku hizi huna raha, na chakula kinakupa tabu. Niko hapa, twende kwa daktari wote wawili.” Na akianza kupona, wakumbushe mapema mashangazi na majirani wasimwambie “sasa umenawiri, umejaa.” Wanasema kwa upendo, lakini yeye atasikia neno lilelile analoliogopa, na kesho sahani inaweza kurudi jikoni haijaguswa.