Ya Krak Si ya Bure, na Huria Si Mali ya Kuokota

Kompyuta ya mtumba Mombasa haiuzwi tupu. Fundi atakuuliza, "Bosi, nikuwekee na Office? Photoshop je?" Ukikubali, unaongeza mia kadhaa, anachomeka flashi yake, na unaondoka na programu za krak, yaani zilizovunjwa kufuli, ambazo ukizinunua kwa wenyewe zinapita bei ya hiyo mashine. Hakuna anayeshangaa. Wala si kwamba sisi ni watu wa wizi; mteja huyohuyo hathubutu kutoka Marikiti na fungu la nyanya bila kulipa. Zipo imani zinazoifanya programu ionekane si mali ya mtu, nazo zimeshikana mikono: ukiikubali moja, ya pili inaingia bila kubisha hodi.

"Iliyomo kwenye kompyuta yangu ni yangu, nimeilipia"

Ulichomlipa fundi ni muda wake. Hata ukienda dukani ukapewa na risiti, kwa kawaida unauziwa leseni, yaani ruhusa ya kutumia kwa masharti: mashine ngapi, muda gani, kazi ipi. Hapa Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inaiweka programu ya kompyuta katika kazi za maandishi, kundi moja na riwaya na mashairi, na haki hiyo hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Sheria hiyohiyo inamruhusu mwenye programu halali kutengeneza nakala ya akiba bila kuomba ruhusa. Kwa hiyo anayesema Kenya hakuna sheria ya mambo haya hajaisoma, na anayesema hata nakala ya akiba ni kosa naye hajaisoma.

Lakini uhalali haukufanyi mmiliki kamili, na hili watu hawapendi kulisikia. Mwaka 2009 wasomaji Marekani walikuta vitabu walivyolipia vimetoweka kwenye Kindle, vifaa vyao vya kusomea. Aliyeviuza hakuwa na haki navyo, na Amazon, kampuni yenye Kindle, ilipogundua ikavifuta kwa mbali na kurudisha pesa. Kampuni iliomba radhi baadaye. Mimi shida yangu si pesa, zilirudi. Shida yangu ni kwamba mkono wa muuzaji ulikuwa bado umo ndani ya kifaa cha mnunuzi.

"Krak, ya bure, huria: zote mamoja, hazilipiwi"

Hapa nitakaa, maana ndipo penye mkorogo. Krak ni programu ya watu iliyovunjwa kufuli, mwenyewe hajakuruhusu. Kisha ipo ambayo mwenyewe ameitoa bila malipo, lakini msimbo wake, yaani maagizo yaliyoandikwa kuiunda, ameufungia. Vijana wanaohariri video za harusi wanaijua DaVinci Resolve: toleo lake la kawaida halilipiwi na ni halali kabisa, ila huwezi kuifungua ukaona ilivyoundwa, sembuse kuibadilisha. Ya tatu ndiyo huria. Richard Stallman, mwanaprogramu Mmarekani, alitangaza mradi wa GNU, wa kuunda mfumo huria wa kompyuta, Septemba 1983, na fikra zake baadaye zikapangwa katika uhuru wa aina nne: kuiendesha programu kwa kazi yoyote, kuuchunguza na kuubadilisha msimbo, kumpa mwenzako nakala, na kusambaza ulichokirekebisha. Bei haimo. Ukitaka kutia LibreOffice, programu huria ya kazi za ofisi, kwenye flashi mia moja ukaziuze Mwembe Tayari, leseni yake inakuruhusu. Na wanaodhani huria ni mchezo wa wanafunzi wasio na kitu, wakumbuke kwamba mwaka 2019 IBM ilikamilisha kuinunua Red Hat, kampuni iliyokua kwa kuuza huduma juu ya programu huria, kwa dola bilioni 34 hivi.

Turudi kwenye krak, maana inasifiwa kwa ubure ambao haina. Fundi akishaiweka, mara nyingi huzima masasisho ili kufuli lisirudi. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea katika nchi zaidi ya 150, kikafunga mafaili ya watu na kudai fidia. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Tundu kilimopita, Microsoft ilikuwa imetoa kiraka chake tangu Machi mwaka huohuo. Zilizoanguka ni mashine ambazo hazikuwa zimesasishwa. Sasa mwenye studio ambaye picha zote za wateja wake ziko kwenye kompyuta moja iliyozimwa masasisho asiseme hajalipa kitu. Anadaiwa, ila mdai hajafika.

Haki isemwe pia. Tangu 2013 Adobe, wenye Photoshop, iligeukia malipo ya kila mwezi, na kwa mtu anayechapisha mabango na kadi za mialiko, malipo yanayofuata dola ni mzigo. Kumwambia tu "tumia GIMP", programu huria ya kuhariri picha, ni kumkejeli, maana kazi ya matbaa hutaka rangi za CMYK, mpangilio wa rangi za uchapaji, na huko GIMP haijawahi kuwa hodari. Scribus, programu huria ya kupanga kurasa, inazimudu, Inkscape inatosha kwa nembo na michoro mingi, lakini mtu atahitaji wiki za kujifunza upya huku wateja wakisubiri. Wanaharakati wa programu huria wanapenda kuuruka ukurasa huo.

"Huria haina mwenyewe, ukiokota ni yako"

Mtu wa Mombasa hili halihitaji darasa, anajua wakfu. Nyumba ya wakfu haina wa kuiuza wala wa kuirithi, watu wananufaika nayo, na hakuna atakayekuambia haina masharti. Masharti aliyaweka aliyeitoa, nayo yanaiandama nyumba hata yeye akiwa kaburini. Leseni ya GPL, iliyotoka 1989 na toleo lake la pili 1991, iko karibu na hapo: chukua, tumia, geuza, uza, ila ukimpa mtu nakala, mpe na msimbo, na umwachie uhuru uleule ulioukuta wewe. Tofauti moja si ndogo. Mwenye kuweka wakfu ameachana na mali yake, ilhali mwandishi wa programu anabaki na hakimiliki. Ndiyo maana anaweza kukupeleka kortini.

Na watu wamepelekwa. Mwaka 2003, mwaka ambao Cisco, kampuni kubwa ya vifaa vya mtandao, iliinunua Linksys, watengenezaji wa ruta, wapenzi wa kompyuta waligundua kwamba ruta ya WRT54G ilikuwa na Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta ulio chini ya GPL, ndani yake, na msimbo haukuwa umetolewa kama leseni inavyotaka. Wakapiga kelele, msimbo ukatoka. Kwa msimbo huo ukazaliwa OpenWrt, mfumo ambao leo unaendesha ruta za chapa nyingi na kuzipa uhai zile ambazo watengenezaji wamezitelekeza. Desemba 2008 shirika la Free Software Foundation liliishtaki Cisco kwa sababu ya bidhaa za Linksys, na mwaka uliofuata pande mbili zikasuluhishana.

Wapo waliokwenda upande wa pili wakaogopa kupita kiasi, wanaamini ukigusa GPL tu basi siri zako zote za biashara ni za umma. Sharti la kutoa msimbo huja pale unaposambaza. Wakala wa kutoa mizigo bandarini akirekebisha programu ya GPL kwa kazi za ofisi yake mwenyewe, hadaiwi kumwonyesha mtu. Leseni ndugu yake, AGPL, ndiyo inayowafikia hata wanaotoa huduma kupitia mtandao. Leseni ya MIT ni nyepesi zaidi: bakiza tangazo la hakimiliki na maneno ya leseni, kisha nenda zako.

"Msimbo ukiwa wazi, wezi nao wanauona"

Wanauona, kweli. Wanaotaka kuziba matundu nao wanauona. Hapa watetezi wa huria wana dhana potofu yao wenyewe, kwamba macho yakiwa mengi basi hakuna hitilafu itakayojificha. OpenSSL, programu huria ya kulinda mawasiliano ya mtandaoni, ilibeba hitilafu ya Heartbleed kwa miaka kama miwili, kuanzia toleo la Machi 2012 hadi ilipofichuliwa Aprili 2014, na msimbo ulikuwa wazi muda wote. Macho yalikuwepo, ila hayakuwa yakitazama. Programu iliyolinda sehemu kubwa ya mtandao ilitunzwa na watu wachache sana.

Kisa cha xz ndicho ninachopenda kuwasimulia vijana. Mtu aliyejiita Jia Tan alisaidia mradi huo mdogo wa kubana mafaili kwa zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa, akapewa funguo. Mwanzoni mwa 2024 akapenyeza mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia, katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Machi 29, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, akautangaza. Alikuwa akipima mambo yake mengine akaona kuingia kwenye seva kunachelewa kama nusu sekunde, na hakuridhika hadi alipojua kwa nini. Msimbo ulikuwa wazi, akaweza kufuata nyayo. Kwenye programu iliyofungwa angebaki na shaka yake na fomu ya malalamiko. Uwazi haukumzuia mwizi. Ulimwezesha jirani mdadisi kumkamata. Mimi sidai zaidi ya hapo.

"Linux ni ya wataalamu, sisi haituhusu"

Simu ya Android unayoisomea haya ina kiini cha Linux, alichokianza Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani, tangu Novemba 2017, zote zinaendeshwa na Linux. Na vituo vya afya vya Kenya hupeleka takwimu zao kwa mfumo uliojengwa juu ya DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Hatukuwa watumiaji tu, pia: OpenMRS, inayotunza kumbukumbu za wagonjwa katika nchi nyingi, ilipata miguu yake ya mwanzo katika kliniki za Eldoret, na Ushahidi, jukwaa huria la kukusanya ripoti za wananchi kwenye ramani, ilianzishwa na Wakenya mapema 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi.

"Siku hizi kila kitu kiko kwenye wingu, leseni zimepitwa"

Wingu ni kompyuta za watu, ndani ya majengo ya watu, na leseni yake ndiyo kali kuliko zote, kwa sababu hushiki hata nakala. Acha kulipa uone. Tena wengi wanaamini hilo wingu linatufikia kwa setelaiti, na hali sisi wa Mombasa ndio wa mwisho kuruhusiwa kuamini hivyo: nyaya za mtandao za chini ya bahari zinapanda pwani yetu. TEAMS na SEACOM zilifika 2009, EASSy ikafuata 2010. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu baharini, mtandao ulizorota Afrika Mashariki nzima, na faili lililokuwa kwenye diski ya mtu ndilo lililofunguka bila wasiwasi.

"Windows 10 imekwisha, kompyuta imekufa"

Hii ndiyo ya sasa, na inauza mashine nyingi. Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za mtumba hazitimizi masharti ya Windows 11, hasa kile kijenzi cha usalama cha TPM 2.0. Mashine yenyewe haijafa. Mwambie fundi akuwekee Linux Mint kwenye flashi na uiwashie hapohapo kabla ya kugusa diski. Itaendeshwa kutoka kwenye flashi na utaona kama waifai, sauti na printa vinakubali. Kama kazi yako ni kuandika barua, kutazama video na kufungua barua pepe, maliza siku hiyohiyo. Kama unaishi kwa mafaili ya Excel yenye makro (maagizo yanayojiendesha), yafungue kwanza kwenye LibreOffice mbele ya fundi, maana baadhi yatagoma, na ni afadhali yagome kabla hujamlipa.