Je, Wajua Kwa Nini Fundi Mzuri Hakazi Bolti Gari Likiwa Juu ya Jeki?

Ilikuwa Land Rover Series III, zile zilizotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, imepandishwa jeki kwenye gereji moja ya Igogo, hapa Mwanza. Fundi alikuwa amemaliza kuifunga shokapu nne mpya na bushi mpya za springi. Nikangoja akaze. Hakukaza. Alizungusha nati kwa vidole mpaka zikagusa tu, akaishusha gari, akapanda juu ya bampa na kuruka-ruka kama mtoto. Baada ya hapo ndipo alipolala chali chini ya gari, huku vumbi likimwingia machoni, na kuanza kukaza kwa spana.

"Mzee, mbona hukukaza kulekule juu, ambako kuna nafasi?"

"Mwanangu, gari linaishi chini, haliishi hewani."

Siri iko ndani ya bushi. Bushi ya springi ya Land Rover ina bomba la chuma nje, jingine dogo ndani, na katikati yake raba iliyogandishwa kwenye chuma. Ukikaza bolti, bomba la ndani linabanwa na haligeuki tena. La nje limeingia kwa nguvu kwenye jicho la springi (lile tundu la mwisho wake), nalo hugeuka kila springi inapopanda na kushuka. Hakuna kinachoteleza hapo. Kinachofanya kazi ni raba, inayosokotwa na kujirudisha. (Ndiyo maana haihitaji grisi. Tena grisi huilainisha na kuivimbisha, kwa hiyo ukimwona mtu anaipaka, mzuie.)

Sasa, raba hupumzika pale ilipokuwa wakati bolti inakazwa. Gari likiwa juu, ekseli inaning'inia na springi zimelegea. Ukikaza hapo, halafu ukalishusha, raba inabaki imesokotwa hata gari likiwa limeegeshwa usiku kucha. Ukipanda na gari hilo kwenye njia za mawe za Mabatini, unaisokota zaidi upande uleule, mpaka inachanika. Tena raba iliyosokotwa inataka kurudi ilikotoka, hivyo husukuma gari juu. Utasikia mtu akilalamika kwamba springi mpya ni ngumu, kumbe bushi ndizo zinazogoma.

Fundi alinionyesha kwa chaki. Alilipandisha gari tena, akakaza bolti moja likiwa juu, akachora mstari mmoja kutoka kwenye jicho la springi hadi kwenye bomba la ndani. Tuliposhusha, mstari ulikuwa umekatika, vipande vyake vimeachana kama unene wa penseli. Akailegeza tena bolti ile, raba ikajirudi kwa mlio mdogo, "twak". Mimi nilikuwa nimeshalipia somo hilo: gari langu la zamani lilikaziwa bushi likiwa hewani, na hazikumaliza mwaka.

Shokapu zenyewe za Land Rover hii haziko kali hivyo. Raba zake zinakaa kwenye pini na kubanwa kwa wosha, kwa hiyo zina uhuru kidogo. Zina masharti yake mengine. Kabla ya kuifunga, fundi aliisimamisha kila moja wima na kuipampu mara tano au sita. Pampu za kwanza zilipita tupu kidogo, kisha mkono ukaanza kukutana na uzito usiokatika, kwenda na kurudi. Shokapu za mabomba mawili, moja ndani ya jingine, zikilazwa dukani, hewa huhamia mahali pa mafuta, na bila mafuta kupita kwenye vitundu vidogo vya vali hakuna kinachozuia gari kudundadunda. Akahakikisha pia kwamba kila shokapu imesimama sawa kati ya pini zake, isivutwe upande, maana fimbo inayobanwa pembeni hula sili, ile raba inayozuia mafuta yasitoke. Na fimbo ile inayong'aa haishikwi kwa plaizi: mkwaruzo mmoja tu unatosha kuanza kuvujisha.

Mwenye gari, mvuvi wa zamani ambaye siku hizi anabeba dagaa kutoka Mwaloni Kirumba, akauliza kama sasa aende kupima alaimenti, yaani mwelekeo wa tairi. Fundi akacheka. Kwenye ekseli nzima kama hii, shokapu haishiki mwelekeo wa tairi, inatuliza springi tu. Ingekuwa Corolla, ambayo mbele shokapu yake ndiyo mguu unaobeba gurudumu, hapo ukilegeza bolti zake mbili za chini tairi linaweza kulala ndani au nje, na kupima ni lazima.

Fundi akaikandamiza kona ya mbele kwa mikono miwili, akaiachia. Ikapanda mara moja, ikatulia. Mwenye gari akaingia, akawasha, na hela ya alaimenti ikarudi mfukoni.