Sensa ya pedali ya mafuta ni nini, na kwa nini nyaya zipimwe kwanza

Lori la dizeli la zamani lilikuwa na kebo ya chuma kutoka kwenye pedali hadi kwenye pampu. Kwenye malori ya siku hizi kebo hiyo haipo. Ukikanyaga, sensa iliyofungwa kwenye pedali inapeleka volti kwa kompyuta ya injini, na kompyuta ndiyo inayoamua mafuta kiasi gani yaingie.

Pedali nyingi zina sensa mbili, na soketi zake zina nyaya sita: kila sensa ina waya wa volti 5, wa ethi (hasi) na wa ishara, yaani volti inayopelekwa kwa kompyuta. Mara nyingi ishara moja ni nusu ya nyingine. Hii ikisoma volti 1.5, ile inasoma 0.75. Ni mashahidi wawili: maelezo yao yakipishana, kompyuta haimwamini yeyote. Taa ya injini inawaka, lori linabaki kwenye silensa (injini inaunguruma taratibu tu) au linatembea kinyonge. Afadhali iwe hivyo, maana bila ulinzi huo waya mmoja ukigusana na wa volti 5, lori lingejipigia resi lenyewe katikati ya wapakiaji pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza.

Dereva anafika gereji Nyakato akisema, "Nikikanyaga haipokei." Filta inabadilishwa, nozeli zinafunguliwa, hela zinaondoka, na waya haujaguswa. Malori ya samaki na dagaa yanaishi na maji: buti mbichi juu ya pedali, kabini inayooshwa kwa mpira. Fungua soketi utazame pini kwa tochi. Ukiona ukungu wa kijani, shaba imeanza kuliwa. Kama kabini ni ya kuinamisha, kagua nyaya pale zinapojikunja kila inapoinuliwa.

Mashine ya kusoma makosa ya injini ikitoa namba SPN 91, kwa malori makubwa, au P2138 kwa mengi madogo, imetaja njia ya umeme tu. Haijasema sensa imekufa.

Washa swichi bila kuwasha injini, soketi ikiwa imechomekwa, mita ikiwa kwenye volti za DC. Kati ya waya wa volti 5 na ethi usome karibu 5. Ukikosa, huenda waya umekatika, au sensa nyingine inayokula umeme huohuo imepiga shoti. Chomoa hizo moja moja hadi volti irudi. Kati ya ethi ya soketi na hasi ya betri isizidi takriban 0.1. Kisha pima waya wa ishara huku pedali ikishushwa polepole: namba ibadilike taratibu bila kuruka. Mwenzako aendelee kushikilia pedali, wewe utikise nyaya toka soketi hadi kwenye kompyuta. Namba ikicheza, hapo ndipo penye ugonjwa. Usitoboe ganda la waya. Ingiza sindano nyembamba kwa nyuma ya soketi, la sivyo maji yataingia kwenye tundu ulilolitoboa.

Waya uliokatika uungwe kwa risasi ya kuyeyusha na kufunikwa na mpira wa kubana kwa joto. Kusokota na kuzungushia tepu hakudumu. Nyaya zikiwa nzima na ishara bado inaruka, sasa nunua pedali, na namba yake ilingane na ya zamani. Zipo ambazo ishara ya pili hushuka ya kwanza inapopanda, na ukifunga isiyo yake, kosa lilelile litarudi.