Piezo mbili hazileti sauti mbili

Wengi huamini kuwa ukibandika piezo ya pili (kisahani cha kauri kinachogeuza mtikisiko kuwa ishara ya umeme) kwenye pedi ya ngoma ya kielektroniki na kuunga nyaya zake juu ya zile za kwanza, utapata sauti mbili: katikati na ukingoni. Hupati. Moduli, yaani kifaa kinachopokea ishara za pedi na kutoa sauti, itapokea ishara moja iliyochanganyika.

Kinachotenganisha ni jeki ya stereo ya milimita 6.35, yenye miguso mitatu, yaani ncha, pete na shina: waya mwekundu wa piezo ya katikati kwenye ncha, wa ukingoni kwenye pete, nyeusi zote mbili kwenye shina. Lehemu nyaya haraka, maana joto huharibu kauri ya piezo.

Kebo ya mono, ambayo plagi yake haina pete, huunganisha pete na shina, ukingo ukanyamaza. Na kama tundu la moduli husoma piezo moja tu, au linasubiri swichi ukingoni badala ya piezo, umelehemu bure.