Je, wajua kwa nini ukisema pilau ni "sweet" Mwingereza anafikiria sukari?

Huku kwetu mtu akisema "this meat is sweet" hakuna anayeshtuka. Nairobi wanasema, Kampala wanasema, Dar pia utaisikia, na kila mtu anaelewa nyama inasifiwa. Sasa mwambie hivyohivyo mgeni wa London au Chicago, kwake sweet kwenye chakula ni sukari, asali, keki, kwa hiyo anabaki kujiuliza mbuzi wa watu kawekewa sukari ya nini.

Chanzo ni hili neno letu tamu. Sisi halua ni tamu, pilau ni tamu, samaki wa kupaka ni mtamu, yaani ladha ya sukari na ile raha ya kula vyote tumeviweka pamoja na hatujawahi kupata shida. Kiingereza cha leo kimevitenganisha. Sweet yao nayo ni pana, ndo maana maji yasiyo na chumvi wanaweza kuyaita sweet water, sawa kabisa na maji matamu yetu, na sauti nzuri nayo ni sweet, ila ikifika kwenye sahani inabana, inabaki sukari tu. Kuna mabaki ya zamani ambayo yanawapoteza wengi: "meat" zamani ilikuwa chakula chochote, kwa hiyo "sweetmeat" ni vitu vitamu vya sukari, havina nyama kabisa, halafu "sweetbread" ndo nyama, ni tezi za ndama au mwanakondoo, ukiiagiza ukitegemea mkate utashangaa.

Haya, kama sweet haifai, wanasemaje? Hapo inabidi turudi 1066, William wa Normandy alipoiteka Uingereza na watu wa tabaka la juu wakawa wanaongea Kifaransa kwa miaka mingi sana. Mnyama zizini akabaki na jina la Kiingereza, cow, ila nyama yake mezani ikachukua jina la Kifaransa, beef, na nguruwe naye hivyohivyo, pig akawa pork. Maneno ya kusifia chakula nayo mengi yamepita mlango huohuo: delicious, flavour, savour, hata taste yenyewe, ambayo Kifaransa cha kale ilikuwa pia kugusa, kupapasa kitu ukijue. Savour imetoka mbali zaidi, kwenye kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuonja na pia kuwa na busara, na kitenzi hichohicho ndo kimezaa sapiens ya Homo sapiens, jina la kisayansi la binadamu. Mimi hilo nalipenda sana.

Yummy ni mtoto wa juzijuzi, mwisho wa miaka ya 1800, imetokana na mlio tu wa mtu anayefurahia kula. Kwa mtoto au rafiki ni sawa, ila wewe unayehudumia wageni hotelini usiitumie, inasikika kama unambembeleza mtu mzima ale uji. Scrumptious ilianza Marekani miaka ya 1830 na bado ina uchangamfu wa nyumbani. Delicious inakwenda popote, ila yenyewe tayari iko juu kabisa, ndo maana "very delicious" inawakwaruza masikioni, wao watasema "absolutely delicious" au "really delicious". Tasty ndo inakubali very bila tatizo.

Na savoury je? Hii watu wetu wanaiacha wakati inatufaa mno. Sambusa, bajia, kachori, vitafunwa vyote visivyo vya sukari ni savoury. Halafu ile ladha nzito ya mchuzi wa dagaa na nyanya, ambayo mkemia Kikunae Ikeda wa Tokyo aliichunguza kwenye supu ya mwani mwaka 1908 akaiita umami, Waingereza nao wakitaka kuieleza wanasema savoury.

Neno linalotuharibia kabisa ni spicy. Pilau ina mdalasini, iliki, karafuu, bizari, viungo tele, kwa hiyo tunamwambia mgeni "it is very spicy", mgeni anaogopa, anaagiza chipsi! Kwake spicy ni pilipili. Pilau sema "fragrant" au "aromatic", harufu ya viungo ndo sifa yake, na spicy iachie pilipili. Chakula kilichokolea chumvi na viungo ni "well seasoned", mchuzi uliokolea nazi ni "rich", ila "oily" usithubutu, hiyo ni lawama.

Kingine, wenzetu wanasifia sana jinsi chakula kinavyohisika mdomoni. Nyama iliyoiva ikalainika ni tender, mishkaki yenye majimaji yake ni juicy, chapati ya matabaka inayochambuka ni flaky. Crispy na crunchy watu wanazichanganya: crispy ni ganda jembamba kavu la kitu cha kukaanga au kuoka, kama sambusa ikitoka kwenye mafuta, crunchy ni kile kinacholia kwa nguvu ukitafuna, karanga au karoti mbichi.

Mtaalamu wa lugha Dan Jurafsky wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na wenzake walichambua menyu kama 6,500 za Marekani, wakakuta maneno ya jumla kama delicious na tasty yanaenda na vyakula vya bei ya chini. Maelezo yake ni kwamba mgahawa ghali unachukulia mteja anajua tayari chakula ni kizuri, kwa hiyo hawahangaiki kumhakikishia. Naona ana hoja. Mwenye mgahawa Zanzibar akiandika "delicious octopus" hajamwambia mgeni kitu, ila "tender octopus in a rich coconut sauce" mgeni ameshaiona sahani. Na urojo ule, wenye embe na ndimu, chipsi za muhogo juu? Tangy kwa ule uchachu, crispy kwa muhogo, basi, sweet hata usiiguse.