Je, wajua? Mlisho wa RSS haukutumii chochote

Kwa miaka kadhaa niliipita ile alama ya RSS kwenye tovuti, ya rangi ya chungwa, nukta na mawimbi mawili, bila hata kuigusa. Nilidhani naijua kazi yake: ukiibonyeza, tovuti inakuandikisha, kisha inaanza kukurushia habari mfululizo, kama zile meseji za nyota na dondoo za mapenzi zinazokula salio hadi ujiondoe. Siku moja nikaibonyeza kwa bahati mbaya kwenye kompyuta ya intaneti kafe. Ukajitokeza ukurasa wa mabano na maneno, hauna picha hata moja. Nikaufunga upesi, nikiamini nimeharibu tovuti ya watu.

Kumbe ule ukurasa ndio ulikuwa mlisho wenyewe, wote, na hakuna kingine nyuma yake.

Mlisho ni faili la maandishi ambalo tovuti inaliweka kwenye anwani isiyobadilika. Ndani yake mna orodha ya habari za karibuni, kila moja na kichwa, kiungo, tarehe, na pengine muhtasari. Habari mpya inaingia juu, ya zamani inadondoka chini. Faili haliendi kokote wala halimwandikishi mtu. Anayekwenda ni programu ya kusoma milisho, ile uliyoiweka kwenye simu na kuipa anwani.

Neno “kujiunga”, linalotumika kwa milisho, ndilo lililonipoteza, nami sidhani nilipotea peke yangu. Hakuna fomu, hakuna barua pepe, hakuna namba ya simu. Ukichoka unafuta anwani kwenye programu yako, yameisha. Huna wa kumwomba akuondoe, kwa sababu hakuna aliyekuingiza.

Chukua ubao wa matangazo nje ya ofisi ya kata. Karani anabandika karatasi, anarudi ndani. Nani atasoma, hilo si shauri lake. Wewe huna nguvu za kwenda kila saa juani, kwa hiyo unamtuma mtoto. Mara ya kwanza ananakili kila kitu. Mara ya pili, kama ni mtoto mjanja, hanakili tena. Anapita dirishani na kuuliza: “Jana mlikuwa mmepiga muhuri huu. Umebadilika?” Karani anajibu bila kuinua kichwa: “Ule ule.” Mtoto anarudi mikono mitupu, na safari haikugharimu karibu chochote.

Ubao ndio mlisho, karani ndiye tovuti, mtoto ndiye programu yako. Kwenye intaneti jibu la huyo karani lina namba: 304, yaani hakuna kilichobadilika, na haliambatani na faili. Ndiyo maana kufuatilia tovuti arobaini kwa njia hii hakuli bando kama kufungua kurasa arobaini. Muhuri ukibadilika, mtoto anapewa orodha nzima, si kipya peke yake, kisha anailinganisha na daftari lake. Kila habari huwa na kitambulisho; anachokitambua anakiruka. Basi siku tovuti ikihamishwa na vitambulisho vikabadilika, unaletewa habari za mwaka juzi kana kwamba ni za leo asubuhi. Mtoto hana kosa.

Ubao nao una mwisho. Tovuti ya WordPress, mfumo unaotumiwa na wengi kutengenezea tovuti, isiporekebishwa, huweka habari 10 tu kwenye mlisho. Mtoto akiugua wiki nzima na zikabandikwa hamsini, arobaini zimekwisha kubanduliwa.

Kwa kuwa hukujiandikisha, tovuti haikujui, ingawa hapo nasema kwa jumla. Seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, inaona anwani ya intaneti iliyokuja kuuliza. Huduma za mtandaoni za kusoma milisho, kama Feedly, huenda zenyewe kwa niaba yako, mtoto mmoja kwa mtaa mzima, na huweza kumwambia karani wametumwa na watu wangapi, bila majina. Picha zilizomo ndani ya habari nazo huweza kuacha alama zinapofunguka. Hata hilo “haukutumii” lina ufa: tangu 2018 W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, ina kiwango kiitwacho WebSub, ambacho kinairuhusu tovuti kupiga kengele ikiwa na jipya, ingawa kwa kawaida kengele hiyo husikiwa na huduma kubwa, si simu yako.

Historia ni fupi. Netscape, kampuni ya kivinjari cha zamani, ilitoa RSS ya kwanza 1999, toleo la 2.0 likafuata 2002. Google ilipofunga Google Reader, huduma yake ya kusoma milisho, tarehe 1 Julai 2013, wengi waliizika na RSS kaburi moja. Lakini podikasti husambazwa kwa mlisho huo huo hadi leo, na BBC Swahili inao. Ukikuta tovuti ya WordPress, ongeza /feed mwishoni mwa anwani na mara nyingi utaupata. Kurasa za Instagram hazitoi.

Kinachonichekesha zaidi ni tarehe. RSS 2.0 inataka ziandikwe kwa kanuni ya barua pepe ya mwaka 1982, yenye vifupisho vya Kiingereza vya siku na miezi. Kwa hiyo tovuti iliyoandikwa Kiswahili kutoka kichwa hadi nukta ya mwisho inalazimika kuiandika Jumatano kama Wed. Programu yako inaisoma, inapiga hesabu, kisha inakuonyesha “saa 2 zilizopita”. Ukitaka kuiona hiyo Wed, itabidi ufungue faili lenyewe, lile la mabano.